Darasa la nyumbani: "m" imekubali, hesabu zisubiri kwanza

Hatimaye *mtu* inasomwa m-tu. Si "mutu", si "matu". Kwa mzazi anayejiandaa kusomesha wanawe nyumbani, hapa ndipo seti ya kadi za silabi hukwama, na hapa ndipo muda wote umeishia. Ratiba, rafu ya vitabu na ubao vimekaa pembeni.

Seti ya msingi haina maneno. Konsonanti za herufi moja ni 18, irabu 5, jumla kadi 90, na manila moja ya A1 inatoa kadi 90 za sm 6 kwa 8, unabaki na vipande vya pembeni tu. Irabu zenyewe pamoja na ch, sh, ny, dh, th, gh na kh zinaingia manila ya pili. Changanya kadi mapema. Mtoto anayetiririka ba-be-bi-bo-bu kwa mpangilio anaimba, hasomi. Mpe *bo*, *ki*, *ta* ovyoovyo uone.

Kisirani ni "m". Sababu ziko mbili. Kwanza, watoto wengi wamezoeshwa konsonanti zikiwa na irabu mgongoni: ma, na, pa. Akikutana na m iliyo uchi, anaivisha. Pili, huku kwetu Mwanza irabu u anayoichomeka ina kwao. Kwa Kisukuma mtu ni *munhu*, kwa hiyo "mutu" haimkwaruzi sikio hata kidogo. Kumrudia "sema mtu, siyo mutu" ni kupoteza mate. Anakusikia vizuri, ila haoni tofauti iko wapi.

Kilichofanya kazi ni kioo kidogo na kadi nyembamba. Kadi ya m peke yake ni sm 3 kwa 8, nyekundu, nusu ya upana wa nyingine. Mtoto anafunga midomo, anaunguruma "mmm" huku akipiga makofi mara moja (kila silabi ina kofi lake), kidole kikiwa juu ya pua asikie mtetemo, ndipo inafuata *tu* kwa kofi la pili. Akichomeka u katikati, midomo inafunguka kabla ya wakati, na anajiona mwenyewe kwenye kioo. Huna haja ya kumsahihisha.

Anza na maneno yasiyo na utata: mtu, mkia, mlango, mguu, mchanga, mshipi, mfuko, mpira. Hapo m daima inasimama peke yake. Usiguse mb wala mv mpaka haya yawe mepesi, kwa sababu huko ndiko mambo yanakoharibika: *mbuzi* ni mbu-zi, makofi mawili, *mbuyu* ni m-bu-yu, makofi matatu. *Mvua* ni mvu-a; *mvuvi* ni m-vu-vi. Maandishi hayakupi dalili yoyote.

Kipimo kinachomfaa mtoto ni kumwambia ataje vingi. Mbuyu, mibuyu, mvuvi, wavuvi: m imeondoka, basi ni kadi nyembamba. Mbuzi mmoja, mbuzi kumi. Mvua, mvua: haijabadilika, basi tumia kadi pana ya *mbu* au *mvu*. Wanaokikataa kipimo hiki ni mbu, mbwa na mvi. Wingi wao haubadiliki lakini m iko peke yake, maana ukiiunganisha neno lote linabaki kofi moja. Nchi, nne, nzi na nge ni kundi hilohilo kwa upande wa n. Hao wanaandikiwa bahasha yao na kukaririwa, basi. *Mbuni* iache ya mwisho: ndege ni mbu-ni, mti wa kahawa ni m-bu-ni, na kipimo cha wingi kinawatenganisha vizuri sana.

Onyo kuhusu ile nyekundu: isikae muda mrefu, maana kitabuni hakuna m nyekundu na mtoto ataganda. Ikishaeleweka, weka m nyeusi kwenye kadi ileile nyembamba. Kisha andika neno zima kwenye kipande kimoja, mstari wa penseli chini ya m. Mwishowe futa mstari huo yeye akitazama, asome tena palepale.

Vifaa. Makapeni kwenye manila tupu hayafai karibu na ziwa wakati wa masika. Kadi inajikunja na wino unalowa kwa vidole vya mtoto aliyetoka kunawa. Laminesheni ni lazima, ila kata kadi kwanza, ndipo ulaminishe, ukiacha ukingo wa plastiki wa mm 3 kila upande. Wa steshenari wengi hulaminisha karatasi nzima ndipo wakate. Kingo zinabaki wazi na maji yanapanda ndani. Solotepu pana ni ubahili wa kujidanganya. Kwa wanaochapa, fonti ya Andika ya shirika la SIL ni ya bure, na "a" yake ni ya duara kama ya mkono. Pointi 72 inatosha. Ukizidisha, *mbu* haienei kwenye sm 6. Ngwa na mbwi tayari zinadai kadi ya sm 9. Kwenye ng' koleza ule mkato kwa kalamu, la sivyo mtoto anadhani ni uchafu na ng'ombe anakuwa "ngombe". Programu za simu zinazotamka "em" sizitaki hata bure.

Hatua iliyofuata ilikuwa hesabu, vizibo vya soda vimeshaoshwa. Lakini vibao vya daladala vimeingilia kati. Mkuyuni, Mkolani: kadi nyembamba. Buhongwa: bu-ho-ngwa. Nyegezi, Igoma, Mabatini: mteremko. Seti nzima ya mazoezi inapita barabarani bure, na mtoto ana sababu ya kuisoma.

Kisha Nyamhongolo ikavunja kanuni. Kwa Kisukuma "mh" ni sauti moja, pumzi ikitokea puani, kwa hiyo ni nya-mho-ngo-lo, wala hakuna kadi nyembamba hapo. Mhandu nayo vilevile. Kwa sasa zinakatwa kadi tano za mha, mhe, mhi, mho, mhu, rangi ya kijani, na nha zake zinafuata. Vizibo viko kwenye ndoo.