Dakika 18 za kuoka matza na watoto wa chekechea

Kwa miaka mitatu nimekuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya chekechea ya Kiyahudi huko New Jersey, Marekani, na hakuna kazi iliyonitoa jasho kama maandalizi ya Pasaka yao, Pesach, pamoja na watoto wa miaka mitatu na minne.

Mwaka wa kwanza nilikosea mapema. Nilikanda unga wa ngano kwa chumvi na maji, tukafinyanga sahani ndogo za seder, yaani mlo wa usiku unaoandamana na masimulizi ya kutoka Misri, nikazianika hadi zikakauka vizuri, ndipo mwalimu wa darasa akanieleza kwa upole kwamba wazazi wasingeweza kukaa nazo nyumbani. Katika siku za Pasaka huondolewa hametzi, yaani ngano, shayiri, rai, oti au spelti iliyopata nafasi ya kuchachuka, na familia nyingi hutupa hata unga wa kuchezea. Tangu hapo natumia udongo wa mfinyanzi, au sahani za karatasi ambazo watoto hubandika juu yake picha za yai, mfupa na mboga chungu.

Matza, mkate usiotiwa chachu, ulinishinda kwa sababu nyingine. Kanuni ni kwamba zisipite dakika 18 tangu maji yaguse unga hadi mkate uwe umeokwa. Mimi nimelelewa Tanga, ambako donge la chapati huachwa lipumzike, na mikono yangu ilikuwa ikilifunika kwa kitambaa bila kuniuliza. Hapa kupumzika ndiko kosa lenyewe. Jaribio la kwanza lilikwisha muda tukiwa bado tunakunja mikono ya mashati. Mara ya pili nilihakikisha kwamba mikono imenawiwa, oveni imepata moto mkali kabisa, na kila mtoto ana bakuli lake la unga, uma wake na kifimbo chake cha kusukumia, kisha maji yakaja mwisho kabisa. Walikanda, wakasukuma mpaka ukawa mwembamba, wakatoboa kwa uma ili usiumuke, na saa ya jikoni ilipolia mikate yote ilikuwa imeshatoka. Iliungua kingo. Kwa kuwa jiko letu halikuandaliwa kwa Pasaka, tulioka mapema na kuila kama somo tu.

Haroseti, rojo tamu la matunda linaloliwa kwenye seder, ndiyo niliyoifurahia zaidi. Familia nyingi za asili ya Ulaya Mashariki huitengeneza kwa tufaha na jozi, lakini darasani kulikuwa na mtoto ambaye jozi humdhuru, nami nikakumbuka kwamba Wayahudi wa asili ya Yemeni na Iraki hutumia tende. Tulizitoa kokwa, watoto wakazisaga kwa uma pamoja na juisi ya zabibu na mdalasini, wakapaka rojo hilo kati ya vipande vya matza na kujenga ukuta, kwa kuwa haroseti huwakumbusha Wayahudi udongo waliojengea walipokuwa watumwa Misri. Ukuta mmoja uliliwa kabla haujakamilika.

Vyura wa karatasi, kwa ajili ya mapigo kumi, vilichukua dakika chache. Mifuko ya kitambaa ya kufichia afikomani, yaani kipande cha matza kinachofichwa ili watoto wakitafute, ilichukua siku mbili, nami nisingeirudia.

Jiko liliposafishwa, nusu mfuko wa unga ulibaki na haukuwa na pa kukaa. Niliupeleka nyumbani nikaukandia chapati, na donge nikaliacha lipumzike saa nzima.