Sauti inatoka, sura hakuna: vile nilihangaika na vidio za kwaya

Kwaya yetu huku Katuba, Lubumbashi, iko na kapeji kake kadogo kwenye intaneti, nilikatengeneza mimi mwenyewe juu ndugu walio Ubelgiji wawe wanatuona. Pasaka nikaweka vidio ya misa. Nabonyeza kwenye mashini yangu, sauti inatoka safi, masoprano wanapanda mpaka juu, lakini sura hakuna, ni giza tititi. Nikampigia yaya, ndugu yangu mkubwa kule Bruxelles, ananijibu "Mbona mi naona muzuri mudogo wangu, we uko na shida gani?"

Siku mbili nikalaumu intaneti, nikalaumu pleya, nikaitoa nikaweka ingine, giza ni lile lile. Halafu nikafanya ujinga ambao najua si mimi peke yangu, nikachukua faili ya .mov nikaiandika .mp4 nikaona nimemaliza. Sasa ukichukua mfuko wa chumvi ukaandika juu yake "unga", utasonga bukari? MP4 ni mfuko tu, brauza (ile programu ya kufungulia intaneti) inaangalia kilichomwagwa ndani.

Kuchungulia ndani kuna programu ffprobe, inakuja pamoja na ffmpeg, ile ya kugeuza vidio, zote ni bure. Nikaona neno hevc, ni namna ya kubana picha za vidio, ndiyo hiyo wanaita pia H.265. Vidio ilirekodiwa na iPhone, na iPhone zimeanza kurekodi hivyo tangu iOS 11 mwaka 2017. Safari, ile brauza ya yaya, inaijua, ndo maana yeye anaona, lakini mashini yangu ni ya zamani haiwezi kuifungua, kwa hiyo Chrome, brauza yangu, ikachukua sauti tu, juu sauti yenyewe ilibanwa kwa namna ya AAC ambayo inaijua, picha ikaiacha.

Basi nikaigeuza na ffmpeg kuwa H.264, namna ya zamani zaidi ya kubana picha, kwa kuandika -c:v libx264, mashini inanguruma kama kinu, umeme ukakatika karibu na mwisho, nikaanza upya. Ikacheza kwangu! Nikafurahi nusu saa nzima, mpaka mama mmoja wa kwaya akanionyesha simu yake ya Android, haichezi kabisa. Hapa ndo nilipotaka kulia. Kumbe iPhone ile ilirekodi kwa biti 10 kwa kila rangi na ffmpeg ikaziacha vilevile, simu nyingi zinataka H.264 ya biti 8. Dawa yake ni kuongeza -pix_fmt yuv420p. Ilikuwa pia HDR, ile picha ya mwanga na rangi kali zaidi, kwa hiyo rangi zikafifia kidogo, kitenge chetu chekundu kinaonekana kama kimefuliwa mara mia, nikaacha hivyo hivyo, sikuwa na nguvu tena.

Vidio ya pili ilitoka kwa kijana wa kamera, hii ilikuwa kinyume, sura iko, watu wanafungua midomo, sauti hata tone. Ndani nikakuta ac3, namna ingine ya kubana sauti, kamera zile zenye alama ya AVCHD zinaandika sauti hivyo na Chrome haiitaki. Hapa usirudie kosa langu la kugeuza kila kitu, picha ilikuwa H.264 tayari: -c:v copy -c:a aac, yaani picha iache, sauti tu igeuze, ikaisha hata kabla chai haijapoa.

Kingine kilichonimalizia mega ni vidio kusubiri ishuke yote ndipo ianze kucheza. MP4 inabeba kama ramani yake, inaitwa moov, na ffmpeg usipoiambia inaiweka mwishoni, kwenye seva yangu pleya ilikuwa inangoja mpaka ifike. Ukiweka -movflags +faststart ramani inakaa mbele, vidio inaanza mara moja. Sasa naiweka kwa kila faili bila hata kufikiri.

Mwenye iPhone nikamwambia aende Réglages, Appareil photo, Formats, achague "Le plus compatible", ili simu irekodi H.264 tangu mwanzo. Akaniangalia tu, akanipa simu nifanye mwenyewe.