Fundi aliuliza swali, mi nikamshushia mistari

Juzi nimepitia sare ya kwaya kwa fundi wetu hapa mtaani, mzee wa Kiislamu, ndo anatushonea kwaya nzima miaka yote na kola zake hazijawahi kupinda, nikakumbuka ile siku tuliyogombana mimi na yeye. Sijui hata kama niite kugombana maana aliyekuwa anapiga kelele nilikuwa mimi peke yangu.

Alikuwa anakanyaga cherehani, futi imening'inia shingoni, akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanangu, Yohana 14:28 Yesu anasema Baba ni mkuu kuliko yeye, nyie hapo mnapaelewaje?" Sasa mi nimekulia enzi za kaseti za mihadhara, zile za Waislamu na Wakristo kubishana dini, swali hilo nimelisikia tangu mdogo, kwa hiyo nikaona mtego tu, nikamshushia Yohana 10:30, "Mimi na Baba tu umoja", nikaunga na Yohana 1:1, "Neno alikuwa Mungu", sauti inapanda mpaka wateja wa genge la jirani wakasogea kusikiliza. Mzee akakata uzi kwa meno, akasema, "Haya mwanangu, mi nilitaka kuelewa tu." Nikaondoka kifua mbele.

Yani sisi 1 Petro 3:15 tunaijua nusu. "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu", hapo amina zinapigwa mpaka spika zinakwaruza, ila mstari haujaishia hapo, unasema "awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu". Neno la Kigiriki lililotumika pale kwenye kujibu ni apologia, neno la mahakamani, utetezi wa mshtakiwa, ndo lile lile Paulo analitumia Matendo 22 akijitetea mbele ya watu waliotoka kumpiga. Sasa mshtakiwa gani anamfokea hakimu jamani? Na anayeandika habari za upole ni Petro huyu huyu aliyemkata Malko, mtumwa wa kuhani mkuu, sikio kwa upanga siku Yesu anakamatwa, halafu usiku ule ule kijakazi kamuuliza swali moja tu, kama na yeye ni mfuasi wa Yesu, akaruka kimanga. Kwa hiyo kelele anazijua, na kuishiwa maneno anakujua pia. Tena barua yenyewe inaenda kwa watu wanaoteswa huko Ponto, Galatia, Kapadokia, sio watu wenye maiki na jukwaa.

Mi nimekuja kuuelewa huo mstari mwaka aliofariki mama. Tuliimba usiku kucha pale msibani, fundi alikuwepo, amekaa nje na wanaume mpaka alfajiri. Kama wiki mbili baadaye nimempelekea gauni la mama anipunguzie, akalishika shika kiunoni, kimya, afu akaniuliza: "Hivi mwanangu, ule usiku mlikuwa mnaimba vile, mnaimba nini na mama yenu amelala pale ndani?"

Hakuna mstari uliokuja. Nikamwambia tunaamini tutamwona tena, kwamba Yesu alifufuka na ndo maana, ila na kulia nalia kila siku, hasa nikiingia jikoni. Nilisema taratibu sana, na katikati nikalia.

Akaniwekea kigoda nikae. Akasema kwao pia wanaamini siku ya kufufuliwa, akanieleza kidogo, nikamsikiliza mpaka mwisho, mara ya kwanza hiyo tangu tujuane. Kisha akachukua pini akaanza kupima gauni begani kwangu, akauliza nipunguze inchi mbili au tatu.