Nilivyoipima The Wizard of Oz ya 4K bila kudanganywa na runinga

Kila nikitaja kwamba ninayo The Wizard of Oz kwenye diski ya 4K, ile yenye picha ya kina kuliko Blu-ray na DVD, hakosi mtu wa kuniambia filamu ya 1939 haiwezi kupendeza kwenye runinga za leo. Inapendeza sana. Nimeilinganisha na Blu-ray ya 2009 na DVD ya 2005, runinga ileile, chumba kilekile, taa zimezimwa, na sasa hakuna anayeweza kuniyumbisha.

Ushauri mbovu kuliko wote ulitoka kwa shemeji yangu. Alikuja jioni moja, akaona picha, akasikitika. "Shem, mbona imefifia hivi? Lete rimoti." Akaiweka runinga kwenye ile hali ya rangi kali wanayoitumia dukani, akapandisha ukali wa picha hadi mwisho, akawasha kipunguza chembechembe, yaani zile punje ndogo zinazoonekana kwenye picha ya filamu, halafu akawasha na kile cha kulainisha mwendo. Kwa dakika chache alifurahi. Mimi nilikuwa naumia. Uso wa Judy Garland, anayeigiza msichana Dorothy, uligeuka wa rangi ya chungwa. Barabara ya matofali ya njano ikawa kama limau. Scarecrow, yule sanamu wa kutishia ndege, ambaye barakoa yake ilitengenezwa ionekane kama gunia, akawa laini kama plastiki. Mistari yote ya gunia imefutwa. Kingo za kofia ya yule mchawi zikazungukwa na mstari mweupe ambao haumo kabisa kwenye filamu. Na mwendo! Filamu ya picha 24 kwa sekunde ikageuka kama tamthilia za runinga za mchana. Kisha shemeji akatoa hukumu: "Hii diski mbovu, irudishe." Diski haikuwa na kosa lolote. Tulichokuwa tunakitazama kilikuwa kazi ya runinga, si ya waliokarabati filamu.

Alipoondoka nilirudisha hali ya sinema na kuvizima vyote alivyoviwasha. Kabla ya hapo usithubutu kuhukumu chochote.

Zile chembechembe si uchafu. Ndiyo filamu yenyewe. Mikwaruzo, vumbi na picha inayotetemeka, hayo ni madhara ya umri na inafaa yaondolewe, lakini ukizifuta chembechembe unafuta na nywele, nyuzi za nguo na vinyweleo vya ngozi. Mimi humtazama Scarecrow kwanza, halafu ribiti za Tin Man, yule mtu wa bati, halafu uso wa kijani wa Margaret Hamilton, yule mchawi, anapokaribia kamera. Kwenye DVD ile ngozi ni rangi iliyopakwa tu. Kwenye Blu-ray inaanza kuwa ngozi. Kwenye 4K unaona ni mwanamke aliyepakwa rangi, na anatisha zaidi.

Sasa mbinu yangu, ambayo sijaona wengi wakiitumia: tafuta kitu cheupe mbele ya kitu cheusi. Kamera ya Technicolor, mfumo wa filamu za rangi wa wakati ule, iligawa mwanga na kuunakili kwenye negativu tatu za nyeusi na nyeupe, kila moja ikibeba sehemu yake ya rangi. Negativu hizo husinyaa kadiri miaka inavyopita, na hazisinyai sawasawa. Zikipandanishwa vibaya, kila ukingo unatoa uzi mwembamba mwekundu au wa kijani, na picha nzima inaonekana kama haijakaa sawa machoni. Warner, kampuni iliyotoa diski hii, walizisoma zote tatu kila moja peke yake, kisha wakazipanga upya kwa kompyuta. Kwa hiyo nasimamisha picha pale mikono ya blauzi nyeupe ya Dorothy inapopita mbele ya kivuli, nasogea hadi karibu na kioo cha runinga, natafuta huo uzi. Kwenye nakala yangu ya 4K sikuuona.

Viatu vyekundu vya Dorothy navyo vinasema mengi. Vishanga vyake vilikuwa vyekundu vya giza, kwa sababu wekundu mkali ungegeuka chungwa kwenye Technicolor. Ukiviona vinawaka kama taa ya breki, punguza rangi ya runinga kwanza. HDR, ile teknolojia ya kupanua tofauti ya mwanga na giza kwenye picha, ikifanya kazi vizuri, kila kishanga kinameta kivyake na wekundu wa kiatu unabaki na uzito.

Lakini onyesho ninaloliheshimu kuliko yote ni la mlango. Sehemu ya Kansas, nyumbani kwa Dorothy, ilipigwa kwa filamu ya nyeusi na nyeupe, ikachapwa kwa rangi ya kahawia. Dorothy anapofungua mlango kuingia Oz, ile nchi ya ajabu, hapo tayari ni filamu ya rangi: ndani ya nyumba kulipakwa kahawia, na anayefungua mlango ni mwigizaji mbadala aliyevaa gauni la kahawia, kisha Garland anatokea na gauni lake la buluu. Tazama ukuta ule. Kahawia yake ikikaribiana na ya Kansas iliyotangulia, aliyesimamia rangi alikuwa makini. Ikiruka ghafla, mshangao wote umeharibika. Usilinganishe chembechembe za Kansas na za Oz, maana ni filamu za aina mbili.

Ukiona uzi unaoinua mkia wa Simba, au mahali barabara inapokutana na mandhari iliyochorwa, usiilaumu diski. Vimo tangu filamu ilipotengenezwa. Na usivute picha ijaze runinga nzima. Ile mipaka myeusi kushoto na kulia ndiyo umbo lake halisi, ukivuta unakata vichwa.

Bei iliniuma kidogo, kwa hiyo kama una Blu-ray ya 2009 na runinga yako si kubwa, huna haja ya kukimbilia 4K. Kama unayo DVD tu, nenda moja kwa moja kwenye 4K. Sauti ichague ya mono, yaani ya mkondo mmoja, maana ndivyo filamu ilivyotoka. Zile spika nyingi ziliongezwa baadaye. Wimbo wake wa "Over the Rainbow" ukitoka katikati, kutoka mdomoni mwa Garland, unatosha.