Laptopu ya mtumba, lakini ya ofisini

Msimu wa fomu za mikopo ukifika, steshenari yangu hapa Chake Chake, Pemba, hujaa wazee na watoto wao waliomaliza kidato cha sita. Fomu ikishachapishwa, picha ikishabandikwa, swali hufuata: "Dada, nimnunulie kijana laptopu gani aende nayo chuoni?"

"Mtumba," nawajibu, na nyuso hukunjamana pale pale. Mtu keshatenga pesa ya karafuu, anataka boksi, anataka nailoni ibanduliwe mbele ya ndugu. Wana haki. Lakini pesa hiyo hiyo inayonunua mpya ya chini kabisa dukani inanunua mtumba uliokuwa na bei ya juu sana siku ulipotoka kiwandani, na tofauti yake unaiona ukishika bisibisi.

Sisemi mtumba wowote. Nasema mashine za ofisini: ThinkPad za Lenovo, hasa zile ambazo jina lao linaanza na T, Latitude za Dell, EliteBook za HP. Makampuni ya Ulaya, Marekani na Ghuba huzichukua kwa mamia, nyingi kwa kukodi, wakakaa nazo miaka mitatu minne, kisha wakazirudisha zote kwa mpigo hata zilizo nzima kabisa. Wanunuzi wa jumla huzisafisha, hubadilisha diski na betri zilizochoka, huweka Windows upya, nazo zikaingia sokoni. Huku kwetu nyingi hupitia Dubai. Mtu aliyeitumia kwanza alikuwa karani wa benki au mhasibu, kaiweka mezani, kaifunga saa kumi na moja, kenda zake.

Sasa ile mpya ya bei rahisi. Binti mmoja aliniletea yake bado inanukia dukani, inasema haina nafasi ya kupokea masasisho ya Windows. Ilikuwa na prosesa (ule ubongo wa mashine) ya Celeron, memori GB 4 na nafasi ya kuhifadhia GB 64, na Windows yenyewe ilikuwa imeshachukua sehemu kubwa. Fundi wa jirani akaifungua. Ndani mlikuwa na betri kubwa, na pembeni ubao mdogo wa saketi kama kipande cha mkate wa mofa. Memori imelehemewa humo humo, na chombo cha kuhifadhia nacho hivyo hivyo. Fundi akaitazama, akanitazama, akarudisha kifuniko. Hapakuwa na cha kuchomoa wala pa kuongeza. Mashine haikuwa mbovu. Imetengenezwa ibaki ilivyo mpaka itupwe.

ThinkPad T480, ya mwaka 2018, ni kinyume chake. Unalegeza skrubu sita za chini, na hata hazidondoki, zimeshikwa na kifuniko chenyewe. Ndani unaona nafasi mbili za memori, diski unayoweza kuitoa kwa mkono, feni unayoweza kuipuliza vumbi. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma. Hiyo ya nyuma unaichomoa na kuweka nyingine huku barua ya mteja iko wazi kwenye kioo, maana ya ndani inashikilia kwa muda. Anayeishi Pemba hahitaji kuelezwa raha ya jambo hilo umeme unapokatika katikati ya kazi.

Na kwa mtu wa Pemba hili la kufungulika lina uzito kuliko kwa mtu wa mjini. Kifaa kikikushinda hapa, kinapanda boti ya Mkoani kwenda Unguja, pengine kinavuka tena mpaka Dar, na mtihani wa mtoto haungoji. Mashine ya ofisini ikifa kibodi, natoa kibodi ya mwenzake aliyekufa kioo. Rafu yangu ya nyuma imejaa marehemu wa namna hiyo, na mume wangu amechoka kuuliza nitaitupa lini.

Ukenda kununua, angalia kizazi cha prosesa kwanza. Muuzaji atakwambia "hii i5, kali hii", lakini i5 ni jina la familia ya prosesa za Intel, peke yake haikwambii kitu. Tazama namba baada ya kistari. i5-7300U ni kizazi cha saba, i5-8350U ni cha nane. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha nane kuendelea, ukiacha prosesa chache mno za nyuma yake. Ndiyo maana za kizazi cha sita na saba zinauzwa kwa bei ya kukuvuta. Wengine huzilazimishia Windows 11 kwa ujanja, ikawaka vizuri pale dukani, lakini Microsoft haikuahidi kuziletea masasisho.

Mimi hununua Unguja, mitaa ya Darajani, na nimezoea kukaa kitako dukani mpaka muuzaji achoke. "Yakhe, hebu niwashie, nna maswali nayo." Kabla Windows haijapanda nabonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP, niingie kwenye mipangilio ya ndani. Ikiniomba nenosiri, mwenyewe wa zamani kaifunga, narudisha mashine, hata kama bei ni ya kutupa. Kisha naomba Windows ifutwe ianze upya, na niiunganishe na intaneti kutoka simu yangu. Mashine iliyosahaulika kwenye daftari la kampuni yake ya zamani hujitaja hapo hapo: inaleta jina la kampuni na kukutaka uingie kwa barua pepe ya kazini. Hiyo hata uibembeleze vipi si yako.

Betri nayo isikuzuge kwa kuandika asilimia 100. Fungua kile kidirisha cheusi cha amri, Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na ripoti itajitengeneza. Tafuta Design Capacity, uwezo iliozaliwa nao, na Full Charge Capacity, uwezo uliobaki. Ilizaliwa na 24,000 na sasa inajaa 12,000? Hiyo ni nusu betri, basi na bei ishuke. Halafu tazama matundu ya USB kwa tochi ya simu. Chuma kikiwa na ukungu wa kijani, mashine hiyo imeshakaa pwani miaka na chumvi imeshaingia, si "imefika juzi kutoka Dubai" kama unavyoambiwa.

Kibodi pia. Za Ujerumani zina Y na Z zimebadilishana nafasi, utamkera mtoto mwaka mzima. Za kutoka Dubai mara nyingi zina herufi za Kiarabu pembeni ya zile tulizozoea, na wauzaji huzipunguzia bei wakidhani ni kasoro. Walimu wa madrasa wanaonijia kuchapa karatasi za mitihani hawataki nyingine.

Chaja nanunua mpya na nzuri, hapo sibani pesa. T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 zote zinachajiwa kwa USB-C, kwa hivyo chaja moja ya wati 65 inazunguka meza nzima dukani kwangu.

Kijana anayehariri video za harusi simpeleki huko. Anahitaji kadi ya picha yenye nguvu, na mashine hizi za makarani hazina. Na anayetaka warantii ya mwaka mzima kwa maandishi, basi dukani akanunue mpya, ila atazame kwanza kama memori inaongezeka.

Waliokwisha kununua kizazi cha sita au cha saba wasizitupe. Nawawekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, na LibreOffice ya kuandikia, na kwa kuandika na kutafuta intaneti mtu hujikuta hana anachokosa. Njooni tu kabla ya msimu wa fomu, na nakala ya mafaili yenu kwenye flashi, kwa sababu kazi hiyo inafuta kila kitu, na fomu zikishaanza sina pa kuweka hata kiti.