Vibuyu viwili na mtungi wa nanasi

Kaka alipotangaza kwamba mchumba wake ni wa Mwingi, Ukambani, Guka, babu yetu, hakuuliza ni binti wa nani wala kasoma mpaka wapi. Aliuliza asali ya huko inauzwaje.

Si kwamba alikosa asali. Mizinga yake ya magogo ilikuwa imetundikwa kwenye mikinduri ya mpakani mwa shamba, kule kwetu Murang'a, na kila msimu alirina ya kumtosha. Asali ya mkinduri lakini ni nyeusi, nzito, na ukiimeza huacha uchungu kidogo kooni. Ya Ukambani nyuki huichuma kwenye maua ya migunga. Ni nyepesi, rangi ya dhahabu, na uchungu haina kabisa. Wazee wa rika lake walikuwa wamebishana miaka nenda miaka rudi kuhusu ipi inatoa njohi bora, yaani pombe ya asali, na wote walibishana wakinywa ile moja tu waliyokuwa nayo. Sasa ruracio, sherehe ya mahari, imekuja na sababu nzuri ya kupika zote mbili kwa wakati mmoja. Posa ya kaka, kwa kweli, ilikuja ya pili.

Asali ya Mwingi ililetwa na kaka mwenyewe kwa basi, kwenye mtungi wa lita 20. Mtungi huo ukijaa maji ni kilo 20. Ukijaa asali unakaribia 28, na kaka aliubeba kutoka stejini akiwa amevaa suti.

Kwa mila zetu njohi ni kazi ya wanaume, na mwanamke hakaribii kibuyu kikiwa kinachacha. Lakini mimi nina jina la Cucu, nyanya yetu, kwa hiyo Guka aliniita "mke wangu" tangu nikiwa mtoto, na mke, alisema, anaruhusiwa kukaa mlangoni. Nikakaa mlangoni. Cucu alipopita na kuni aliniangalia akasema, "Mke mwenzangu, usije ukaingiza hata kidole. Ikiharibika ni mimi nitakayesikia mpaka Pasaka."

Kwanza Guka alishusha gunia la miratina kutoka darini, juu ya meko, ambako moshi huikausha mwaka mzima. Haya ni matunda ya mvungunya, ule mti unaoning'iniza matunda marefu kama soseji za majitu. Likiwa bichi ni sumu. Guka huyamenya, huyapasua kwa urefu, huyachemsha, huyaanika juani, kisha huyaloweka kwenye maji ya asali kidogo karibu na moto mpaka yatoe povu, ndipo huyaanika tena. Kuanzia hapo yanakuwa hai. Chachu imejificha ndani ya nyuzi zake, na baada ya kila pombe huanikwa tu na kurudishwa darini, hayaguswi na sabuni. Mengine kwenye gunia lile yalinizidi umri. Nilipewa moja nilishike (kushika miratina mikavu hakukatazwi): jepesi ajabu, ndani limejaa nyuzi ngumu kama dodoki, na lilinuka moshi na kitu kingine kitamu kilichopita zamani.

Maji aliyapasha moto wa wastani, akachovya kiwiko, akangoja, akachovya tena. Yakiwa moto mno yanaua chachu na kufukuza harufu ya maua, na bila harufu ya maua, alisema, hakuna haja ya kusumbua nyuki. Akamimina sehemu moja ya asali kwa nne za maji, kila aina kwenye kibuyu chake, na masega akayakamua humo humo kwa mkono. Kisha akakoroga kwa mti muda mrefu, maana asali huzama na kulala chini, na asali isiyopata maji ya kutosha haichachi. Sukari yake ni nyingi mno kwa chachu kuishi ndani yake. Mwishoni akatumbukiza miratina, akaziba midomo ya vibuyu kwa majani ya mgomba, akilegeza, akavisogeza pembeni mwa meko.

Ile nyeusi ilianza kwanza. Usiku ule ule tulisikia kibuyu chake kikichemka kwa ndani, sauti ndogo ndogo kama ya mtu anayenong'ona, wakati ile ya Mwingi ilikuwa kimya mpaka asubuhi. Asali nyeusi ina madini mengi zaidi na chachu huyafurahia. Guka hakuyajua madini. Aliweka sikio kwenye kibuyu, akatabasamu, akasema mkinduri haujawahi kumwaibisha.

Tatizo lilikuwa binamu yangu. Anauza juisi Thika, na alifika na mananasi nusu gunia akiwa na wazo. Alichukua masalio ya asali zote mbili, akayachanganya, akakata nanasi vipande na maganda yake, akaomba miratina miwili. Guka alimpa ile midogo kabisa, kwa uso wa mtu anayempa mlevi nauli. Vibuyu vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo binamu alitumia mtungi wa plastiki, akafunga kifuniko akakaza, nzi wasiingie.

Usiku wa manane mlio. Kifuniko kiligonga bati, mbuzi wakapiga kelele, na Cucu akatoka na panga. Sakafu ya stoo ilikuwa imelowa, nanasi limeganda ukutani, na nusu iliyobaki mtungini ilikuwa inatoa povu kwa hasira. Guka alisimama juu yake na tochi, akachovya kidole, akalamba. Akalamba tena. "Ukali wake umekata utamu," alisema, kisha akarudi kulala bila kuongeza neno.

Siku ya kwenda Mwingi tulipita Thika, tukapita Matuu, vibuyu vikiwa kwenye matatu ya kukodi, vimeshikiliwa kati ya magoti ya baba zangu wadogo, vikifoka kila tukipanda tuta. Wakamba nao hupika yao kwa tunda lile lile, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kudanganywa pale. Mzee wao alimwaga kidogo chini, akaonja ya kibuyu cha kwanza, ile ya asali yao, akaitikia kwa kichwa kwa adabu: imepikwa vizuri, hii tunaijua. Akapewa ile ya mkinduri. Akaonja, akampa jirani yake, jirani akampa mwingine, na kibuyu kidogo cha kunywea kikazunguka kikarudi kitupu. Guka alikuwa anatazama paa.

Ya nanasi haikufika kwa wazee. Vijana waliokuwa wakichoma mbuzi nyuma ya nyumba waliimaliza kabla ya mazungumzo kuanza, na hao ndio waliompigia binamu simu wiki nzima iliyofuata.

Mbuzi walijadiliwa, mablanketi yakajadiliwa, na tulipodhani tumemaliza yule mzee akaomba orodha isomwe upya. Akataka kiongezwe kitu kimoja: mtungi wa asali nyeusi, kila msimu wa kurina. Baba alifungua mdomo apinge. Guka alishakubali.

Guka ndiye aliyekubali, lakini anayebeba mtungi mpaka Mwingi ni kaka.