Mshororo wa Tatu

Mwalimu alihesabu mizani, yaani silabi za shairi, kwa vidole vinane. Gumba hakulitumia: vinne vya kulia, vinne vya kushoto, na kipande cha mshororo kikipungua au kikizidi alinyamaza na kuutazama ukuta. Alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mwenyeji wa Lindi mjini, na baraza lake lilikuwa wazi kila alasiri kwa yeyote mwenye daftari.

Alasiri ninayoikumbuka kuliko zote ni ya mwaka 2012. Dada mmoja alitoka Ruangwa na shairi la beti sita. Akaamkia, akaitikiwa, akanyoosha karatasi. Mwalimu hakuipokea.

“Imba, mwanangu. Karatasi tutaiona baadaye.”

Shairi lilihusu kangomba, wale wanunuzi wanaomkopesha mkulima wakati wa dhiki kisha wakajilipa korosho kwa kipimo chao wenyewe. Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Kangomba ni kama mwizi, huja msimu wa njaa,
Bakuli lake la kazi, hurundika likajaa,
Mkulima hana ajizi, huuza bila hadaa,
Korosho bado mtini, fedha zake zimekwisha.

Vidole vilikwenda vizuri mishororo miwili. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, mizani nane kwa nane, na hapo palikuwa sawa. Wa tatu ukamkwamisha: m-ku-li-ma ha-na a-ji-zi. Tisa.

“Mkulima si mizani tatu, Mwalimu?”

“Litamke polepole.”

Hapo ndipo wanaoanza hujikwaa zaidi, kwa sababu wanahesabu kwa macho. M inayosimama peke yake mbele ya konsonanti ina mizani yake: mtu ni mbili, mbuyu ni tatu. Lakini mbuzi ni mbili, kwani mb yake hutoka kwa pamoja. Mwana ni mbili, nchi nayo mbili. Dawa ni kuimba. Kipande chenye mizani tisa huilazimisha sauti kukimbia ili iwahi pumziko, na hata asiyejua kusoma huisikia ile mbio. Ndiyo maana Mwalimu hakutaka karatasi.

Hata hivyo mizani ya tisa haikumsumbua sana. Hilo ni kosa la dakika mbili. Kilichomuudhi ni “ajizi” na “hadaa”. Akauliza ni nani aliyemtuhumu mkulima uvivu hata ikabidi atetewe. Hakuna. Kina cha -zi, ile silabi inayojirudia mwisho wa kipande, kilitaka neno, likaja lililokuwa karibu.

Ushauri wake ulikuwa wa kikazi kabisa. Kabla ya kuandika ubeti, andika pembeni maneno yote unayoyajua yenye kina ulichochagua, kisha futa yasiyohusiana na jambo lako. Ubeti wa aina ile unahitaji maneno matatu ya kina cha kati na matatu ya kina cha mwisho, kwa vile kituo, yaani mshororo wa mwisho, kina vina vyake. Yakibaki manne tu baada ya kufuta, badili kina mapema, usingoje kukwama mshororo wa tatu. Na -ni na -wa uziogope: mtini, shambani, sokoni, hununuliwa, hutolewa, huliwa. Hazigomi hata kidogo, na shairi lililojaa vina visivyogoma hulala.

Kisha akaingia ndani na kutoka na daftari kuukuu. Humo alikuwa amenakili kwa mkono beti za utenzi wa vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, malenga wa hapohapo Lindi, uliochapishwa mwaka 1933. Utenzi ni shule nzuri kwa sababu ni mfupi wa pumzi: mishororo minne ya mizani nane, mitatu ya kwanza inashika kina kimoja, wa nne unabeba kina kinachopita utenzi mzima.

Zoezi lake lilikuwa hili. Unasoma mishororo mitatu kwa sauti huku wa nne umeufunika kwa rula. Unatunga wa kwako, mizani nane na kina kilekile, ndipo unafunua. Ukiona wako umeeleza tu yaliyokwisha kusemwa na wa malenga umesogeza habari mbele, umejua unapopungukiwa. Beti kumi kwa kikao zinatosha. Zikizidi, sikio linachoka na unaanza kufuata mahadhi bila maana. Nawajua watu wanaosema mizani ni pingu. Wengi wao hawajawahi kunakili hata ukurasa mmoja kwa mkono.

Yule dada akarudi kwenye mshororo wake. Akaleta “Mkulima hana kazi”. Mizani nane, barabara, ila ni uongo mtupu, na “kazi” ilishatumika juu yake. Akaleta mingine mibaya zaidi. Adhana ya alasiri ikapita, kahawa ikaja, naye bado anafuta.

“Unayemwandika hapo, aliuza kwa nini?” Mwalimu akauliza mwishowe.

“Mtoto alirudishwa nyumbani kutoka shule, hana sare.”

“Sasa mbona hilo hukuliandika?”

Ilichukua muda tena, kwa kuwa maneno ya -aa yanayohusiana na habari hiyo hayakuwa mengi. Jua likiwa linashuka akaimba:

Mwanangu hana mavazi, shule wamemkataa,

Vidole vikatosha pande zote mbili. Wa-me-m-ka-ta-a ni sita, na ile m ya katikati imehesabiwa.

Ila “mwanangu” ilileta kazi mpya, kwa kuwa sasa mkulima ndiye anayesema. Beti za pili na tatu zilizomtaja kwa mbali zikabidi zigeuzwe nafsi, na mizani zikahesabiwa upya, maana “aliuza” ni nne na “niliuza” ni nne, lakini “mkulima” ni nne na “mimi” ni mbili. Ubeti wa nne ulikuwa unamhubiria mkulima asiwe na tamaa. Mtu hawezi kujihubiria hivyo huku mwanawe yuko nyumbani, kwa hiyo ukafutwa wote. Kituo hakikuguswa: “fedha zake” ni za korosho, kwa hiyo kinafaa yeyote anayesema. Shairi likabaki na beti tano, na Mwalimu akamwambia aliache wiki mbili kabla ya kulituma gazetini.